Mkia Nilioubana

Mimi nina ubaya mmoja: nikimhurumia mtu, namharibia. Huku Ndithini wananiita mwenye roho safi. Laiti wangejua.

Kikundi chetu cha uvuvi wa bwawani kilipopata stika ya kijani, mnunuzi mmoja wa Mlolongo alianza kuchukua kreti zetu bila kubishana, maana stika ile humhakikishia mteja kwamba samaki hakuvuliwa akiwa mchanga. Kazi ya kupima nilipewa mimi. Unamlaza tilapia kwenye ubao, pua iguse kizuizi, mkia unauacha ulale unavyotaka. Ukivuka mstari mwekundu, anabandikwa stika. Usipovuka, anawekwa kando.

Jirani yangu, mama mjane aliyenifundisha kuparua samaki nilipoolewa hapa, alikuwa na wavu mmoja tu. Kila ulipochanika aliushona mwenyewe, na kila kiraka kikapunguza upana wa matundu, hata samaki wachanga wakawa wananaswa. Asubuhi moja kreti yake haikujaa, na samaki wa mwisho aliukosa mstari kidogo tu. Nikaubana mkia kwa vidole viwili, ncha zikakutana, ukarefuka, ukavuka. Nikabandika stika. Ah, samaki mmoja ni nini?

Basi nikazoea. Wiki baada ya wiki nilibana, naye, kwa kuona kreti zake zinapita, akaniombea baraka kanisani. Ningemwambia mapema, "Mwaitu, mama yangu, huu wavu umeziba," angeninunia siku mbili kisha angeubadilisha. Lakini nilipenda kushukuriwa. Huo ndio ukweli, na unaniaibisha mpaka leo.

Mkaguzi wa stika alikuja bila taarifa. Alifungua kreti ya mama, akawalaza samaki ubaoni bila kuwabana. Wengi hawakufika mstarini. Akauliza ni nani aliyewapima. Nilikuwa nimesimama pale pale, mikono imejaa magamba.

"Huyu hana makosa," mama akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Alipima vizuri. Hao wadogo niliwaongeza mimi akiwa ameenda."

Uongo mtupu, nami nikanyamaza. Kikundi kiliachiwa stika kwa sharti kwamba mama atoke. Wavu wake ulichomwa mbele yetu sote.

Siku hizi anauza ndengu sokoni Masii. Mwezi uliopita nilijikaza, nikaenda kumwomba msamaha.

"Nilijua," alinikatiza. "Mkaguzi alipolaza samaki wa kwanza, nilijua ni wewe ulikuwa unabana."

"Mbona ukanisitiri, mwaitu?"

"Uko na watoto shule. Wangu ni wakubwa." Akakung'uta kikombe chake cha kupimia. "Lakini ungeniambia tu. Niko na mikono. Ningefumua viraka nishone upya."

Nikaomba ndengu kikombe kimoja. Wateja wote waliokuwa mbele yangu alikuwa amewajazia kilima, na konzi moja ya nyongeza juu. Changu alikijaza, akakipangusa kwa kiganja mpaka ndengu zikawa sawa na ukingo, akanipa.