Kumimina Risasi

Bibi yangu alivuta ugoro kwa tundu moja tu la pua. La pili, alisema, ni la harufu za maana. Sijui kwa nini naanza naye, ila pua yake ndiyo niliyorithi. Huku ugenini Randburg ninakolinda geti, bosi huyeyusha vyuma vya risasi vya kusawazishia magurudumu gerejini kwake, anajitengenezea risasi za shotigani za kujifunzia shabaha, maana za dukani ni ghali. Moshi ule ukinifikia, eish, niko uani kwa baba.

Baba naye alijaza upya maganda ya risasi yaliyokwishatumika. Tulilenga kichuguu, kisha tukazichimbua risasi tuziyeyushe tena. Lakini kumimina alimwachia mdogo wangu wa kike.

"Mkono wa huyu hautetemeki," aliwaambia wageni.

Mimi mkubwa nilichochea moto tu. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi moja nikatia maji kidogo ndani ya kalibu yake, kile chuma chenye tundu la kuumbia risasi. Nilijua vizuri kwamba risasi iliyoyeyuka ikikuta maji huruka hadi usoni mwa anayemimina.

Mdogo wangu akachota kwa kijiko, akasita. "Baba, leo amimine kaka. Kila siku ananitazama."

Baba akacheka. "Haya, mzee wa wivu, shika."

Kijiko nilichokiota mwaka mzima kikawa mkononi mwangu, nao wote wawili wameinama karibu, watazame.

"Kalibu ina maji," nikasema. "Nimeyatia mimi."

Nikakiweka kijiko chini, nikatoka uani, na kwenye moto ule sikurudi tena.