Nilimwambia Apige Kama Anapura Mtama

Nimekosa, ndugu zangu, tena nilikosa nikijua! Mungu amenipa uzee mwema na ninamshukuru kila asubuhi, lakini jambo hili nililificha miaka mingi, hata kwa padri, kwa sababu nililiita utani.

Mimi na Mgogo mmoja, mtani wangu kama walivyo Wagogo wote kwetu sisi Wanyamwezi, tulikuwa tukibeba mifuko ya fimbo katika uwanja wa gofu wa Wazungu, hapa Tabora. Bwana wa uwanja akatuambia tushindane: mpigaji bora atakuwa mnyapara, na atapewa nyumba.

"Nikiipata hiyo nyumba," Mgogo akaniambia, "mke wangu anapanda gari moshi wiki hiyohiyo. Amechoka kuningoja."

Mpira wake leo ulinyooka, kesho ulipotelea porini. Wangu ulikwenda palepale kila siku. Nilikuwa nimejifunza kwa kubana kitambaa kwapani: mkono wa kushoto umenyooka bila kukazwa, kifua kinageuka, mikono inakifuata. Kitambaa kikianguka kabla sijaupiga mpira, najua mkono umeachana na mwili.

Akaniuliza, "We Mnyamwezi, mbona mikono yako haikusaliti?"

"Inua viwiko juu, bwana! Pura kama mnavyopura mtama kwenu Ugogo!"

Tukacheka. Lo! Kumbe mwenzangu aliamini. Majuma mawili nilimtazama akipura, nami nikimsifu!

Siku ya mashindano mpira wake wa kwanza uliingia vichakani, na wa pili ukaufuata. Nyumba nikapata mimi. Akanishika mkono, akasema, "Asante kwa kunifundisha. Kichwa changu tu ndicho kigumu."

Haukupita mwezi, habari ikaja kwamba mkewe amerudi kwa wazazi wake. Akaacha kazi, akaondoka. Ee Mungu wangu! Katika nyumba ile sikula chakula nikasikia utamu wake.

Mwaka huu nilimwungamia padri, kisha nikamfuata Mgogo huko Tura, anakofanya kazi ya reli. Nikapiga magoti, nikamweleza yote.

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Mnyamwezi wewe! Hata uzee haujakutoa utani? Inuka, unachafua kanzu!"

Nikaapa kwa jina la Mungu. Akazidi kucheka, akaniletea uji.

Ninyi wenye watani, tanianeni mpaka mchoke. Lakini mtu akikuuliza neno akiwa na haja nalo, mjibu kweli siku ileile. Mimi nilichelewa. Msamaha wake ninauhitaji, naye hataki kuamini kwamba kuna la kunisamehe.