Mikato Mitatu ya Babu

Mwaka 1956 nilimsindikiza shangazi Kasilda kutoka Mpanda hadi milima ya Mwese, kwao. Serikali iliwahamisha watu wa huko kwa sababu ya ugonjwa wa malale, yeye akiwa msichana. Njia nzima aliniuliza swali moja: mzinga wa nyuki wa baba yake, je, bado ni mali yao?

Tulikuta vibanda vitatu vibovu, tukakaribishwa ugali wa ulezi kwa uyoga. Mzee Ubaldo, jirani yao wa zamani aliyerudi huko miaka mingi kabla yetu, alimtambua mara moja.

“Umechelewa, Kasilda! Nyuki wako wamezeeka.”

“Wangu, au umeshajitwalia?”

“Nichukue mzinga wenye alama ya mtu? Mie mchawi?”

Akatupeleka porini. Mzinga ulikuwa mpya, lakini ulikuwa na mikato mitatu, alama ya babu. Kila mzinga ulipochakaa, Ubaldo alitundika mwingine na kuuchonga mikato ileile, kwa ajili ya marehemu. Shangazi alilamba asali hadi kiwikoni, akicheka.

Siku hizi watu wamesoma, na hata kuku wanafungiwa kufuli.

Asubuhi nilifunga mzigo. Shangazi hakufunga wake.

“Nenda, mwanangu,” alisema. “Mie nimefika.”