Matandazo ya Mnavu

Mchanga wa Mbweni hauna shukrani. Unaumwagilia ndoo nzima alfajiri, saa nne umekauka kama hujaugusa. Mwaka wa kwanza nilipanda mchicha, ukatoka mwembamba, wa njano, hata kuuchuma niliona haya.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Songea kutibiwa miguu, na chakula kikawa ishu. Mboga za sokoni hazitaki, eti zimenyweshwa maji ya mtaroni. Anamega ugali matonge mawili, anasukuma sahani. "Ningepata mnavu wa kwetu ningekula," anasema, na kweli alinipa mbegu alizozifunga kwenye pindo la khanga. Alikuwa anapungua, magauni yanamning'inia, na mume wangu kila akirudi ananiuliza mie, "Mama kala?" Kama vile ndimi niliyemziba mdomo!

Nikaamua kuutengeneza huo udongo. Mama sikumwambia kitu, nilitaka aione mboga mezani. Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilichukua mbolea mbichi ya kuku kwa jirani, nikaimwaga, nikasia siku hiyohiyo. Miche ikaungua yote. Mbolea ile ina moto, lazima ikae kwanza mpaka ipoe. Nikaanza upya na samadi ya ng'ombe iliyooza, udongo mweusi na maganda ya mpunga. Nikajaza tuta moja na ndoo sita kuukuu za rangi, nimezitoboa chini. Mbegu zilizobaki nikazisia zote. Miche ilipochomoza nikaizungushia majani makavu ya mkungu, maana bila matandazo jua la huku linanyonya maji yote.

Kesho yake nikaamshwa na fagio la chelewa. Chwa, chwa, chwa. Natoka, uwanja mweupe pe, na kule kona moshi unafuka. Matandazo yangu! Kayakomba hadi ndani ya ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Uwanja ulijaa takataka, mpaka nikaona aibu kwa wageni."

Utamwambia nini mama mkwe? Nikasema, "Asante, mama." Jioni nikaokota majani kwa majirani, nikatandaza tena. Asubuhi, chwa, chwa. Nikaweka nyasi, akazifagia. Yarabi! Wiki tatu tukaenda hivyo, mie natandaza, yeye anachoma, mnavu unanyauka, na mezani anasukuma sahani. Nilikuwa nalia jikoni kwa hasira, kisha nafuta macho nampelekea chai.

Nilimwomba mume wangu aseme naye. Akacheka. "Mwache mama afagie, ndiyo mazoezi yake." Nusura nimmwagie chai yeye.

Uvumilivu ulinishinda asubuhi nilipokuta mche wa mwisho, uliokuwa umebaki na nguvu, umekwanguliwa pamoja na majani. Hata shikamoo nilisahau.

"Mama, hizo si takataka! Hayo majani yanauhifadhi mnavu wako! Kila siku unachoma mboga yako mwenyewe!"

Jirani upande wa pili wa ukuta akaacha kupepeta mchele. Mama akasimama, fagio mkononi. Nilingoja anigombeze, au aseme anarudi Songea. Akakaa polepole kwenye ngazi kwa ajili ya miguu yake.

"Mnavu wangu?" akasema. "Mie nilijua ni maua yako, hayataki kuota."

"Ni mnavu, mama."

"Na wiki zote hizi unaniona nachoma, umenyamaza tu?"

"Nilikuheshimu, mama."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Heshima gani hiyo ya kunilaza na njaa?"

Hasira yote niliyokuwa nayo juu yake ilinirudia mwenyewe. Akainuka, akapekua lile lundo kabla hajaliwasha moto, akautoa ule mche. Akaurudisha kwenye ndoo, akaubana udongo kwa vidole gumba, akauzungushia majani.

"Mbegu zimebaki?"

"Zimeisha, mama."

Akautazama mche, ulikuwa umelala ubavu.

"Basi usininyamazie tena," akasema, akanituma maji.