Kumpare wa Jumapili

Kwenye ofisi ya tume ya haki za binadamu hapa Iloilo, mtu wa kwanza utakayemwona ni Nang Luming, nang yaani dada mkubwa, na swali lake la kwanza si "una malalamiko gani?" Ni "umekula?" Amekaa kwenye meza ile miaka ishirini na mbili, kopo la biskuti pembeni, na mimi dereva wa ofisi sijawahi kumsikia akianza vingine. Watu wa kwetu hawamwagi shida yao mlangoni. Watasifu kalenda ya ukutani, watalalamikia bei ya samaki, halafu, biskuti ya tatu hivi, mambo yanatoka.

Ijumaa moja akaja Rosalie Sumagaysay, mke wa mkata miwa, mtoto kifuani. Tulimjua. Wiki mbili nyuma aliapa mbele ya Nang Luming kwamba sajenti wa kituo cha polisi cha mji wao alimvunja mumewe mkono ndani ya mahabusu.

"Nang, nimekuja kuondoa malalamiko," akasema, akanyoosha karatasi iliyokwisha kupigwa chapa.

"Umekula?"

"Nimekula, Nang."

"Umekula nini?"

Rosalie akalitazama kopo. Kopo likafunguliwa.

Habari ikatoka. Sajenti alimtuma mkuu wa kijiji aombe kwa niaba yake: anataka kuwa baba wa ubatizo wa mtoto, Jumapili. Mama yake Rosalie akakubali palepale. Na kwetu, aliyesimama na mwanao kwenye maji ya ubatizo ni kumpare wako, ndugu kabisa. Ukimshitaki huyo, utatazamana na nani kijijini?

"Kamvunja baba mkono, sasa anataka kumshika mtoto kichwa," Nang Luming akasema. "Na nguruwe wa sherehe?"

"Analeta yeye."

"Mkubwa?"

"Mkubwa kweli, Nang."

"Basi hata yeye anajua kosa lake lina kilo ngapi."

Rosalie akacheka, na katika kucheka akajikuta analia.

Nang Luming hakumlazimisha. Alimweleza kama anavyowaeleza wote: tume haina pingu wala haihukumu mtu. Inauliza, inakwenda kujionea, inaandika ilichokikuta, inapeleka kwa mwendesha mashtaka na kwa wakubwa wa polisi. "Ukiondoa, Inday, binti yangu, tunaweza kuendelea wenyewe. Ila tutabaki na picha ya mkono tu, na mkono hausemi nani kauvunja."

Tena ana kanuni yake: haondoi maneno ya mtu kabla ya kumsomea. Akafungua faili, akasoma polepole, mpaka pale penye: "Nilikuwa nje ya dirisha na chakula chake. Nilimsikia akimwita mama yake, aliyekufa zamani."

Rosalie akaikunja karatasi yake mara mbili, mara nne.

"Nikimkataa, nani atasimama na mtoto? Padri keshapangwa. Simama wewe, Nang."

"Nikiwa kumare wako, mama wa ubatizo, faili lako atapewa mwingine. Nimekataa watoto zaidi ya thelathini kwa ajili ya meza hii. Nikizeeka sijui nani ataniletea supu."

Rosalie akafikiri. "Basi Nong Berting, kaka yetu wa jirani. Alikuwa na mume wangu mahabusu. Alichana shati lake akamfunga mkono."

Nang Luming akaweka biskuti chini. Wiki mbili tulikuwa tunamtafuta mtu aliyeona kwa macho.

"Mbona hukumtaja?"

"Aliniomba. Anaogopa."

"Sikiliza. Akiwa kumpare wako Jumapili, Jumatatu wakili wa sajenti atasema ndugu anamtetea ndugu. Leo bado ni jirani tu. Mwombe yote mawili, ushahidi leo na ubatizo Jumapili, aamue mwenyewe." Akanigeukia. "Gari lina mafuta?"

Tulimkuta Berting shambani, panga mkononi. Rosalie alimweleza yote. Berting akamtazama mtoto.

"Kipi kwanza, kanisa au ofisi?"

"Ofisi, Nong."

Akaenda kunawa. Alirudi amevaa shati jeupe jipya, lile la Jumapili, akapanda gari.

Saa kumi alikuwa mbele ya ile meza.

"Umekula, Nong?"

"Sijala, Nang. Tangu walipotuachia, chakula hakipiti."

Katika miaka yangu yote, ndiye wa kwanza kumjibu swali lile kwa ukweli, bila kuulizwa mara mbili. Nang Luming akamsogezea kopo, kisha akavuta karatasi tupu.