Mtandao Wafika Kila Nyumba, Benchi la Haloo Labaki Tupu

Wananchi wote wa Kiwangwa, wakulima wa mananasi, wafugaji wa kuku na wapita njia, wanatangaziwa kwa taadhima kubwa kwamba zama mpya zimeanza. Saa moja na nusu asubuhi ya Jumatatu, herufi E, alama ya mtandao wa kujikokota, iliyotawala vioo vya simu za eneo hili kwa muda mrefu kuliko mwenyekiti yeyote wa kitongoji, imeng'atuka. Nafasi yake imechukuliwa na herufi H. Makabidhiano yamefanyika kwa amani katika kiganja cha Bi Ashatu Mwinyijuma, kiganja chenyewe kikiwa na unga wa ngano.

Zama mpya zinadumu mpaka Bi Ashatu anapoinama kugeuza chapati. Akiinuka, E imerudi.

"Imechungulia tu," anasema, akiifuta simu kwa upindo wa kanga. "Itakuja. Mgeni wa namna hii haulizi kama umejiandaa."

Bi Ashatu, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, anauza chai na chapati mahali panapoitwa Haloo. Jina hilo halimo kwenye ramani yoyote. Ni kichuguu kikubwa kando ya njia ya mashamba, mkorosho mmoja, na benchi la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu wa marika yote. Panaitwa Haloo kwa sababu hilo ndilo neno lililokuwa likisikika hapo kutwa nzima: haloo, unanisikia, haloo.

Kwa miaka mingi, hapo tu ndipo simu ziliposhika mtandao, kutoka mnara wa mbali ambao hakuna aliyewahi kuuona. Ukishuka kichuguu, sauti inakatika. Kwa hiyo kila mwenye ndugu Dar es Salaam, Tanga au Muscat alikuja hapo kusubiri simu, na aliyesubiri alikunywa chai.

Sasa mnara mwingine, ulio upande wa barabara kuu, unaongezewa nguvu. Mafundi wamekuwa wakiupanda na kuushuka tangu mananasi yaanze kuiva. Mtandao wa kasi ukienea kila nyumba, hakuna atakayekuwa na sababu ya kuja Haloo, na kazi iliyowalea watoto wanne wa Bi Ashatu itakwisha. Yeye analijua hilo. Pamoja na hayo, hakuna mtu Kiwangwa nzima anayefuatilia ujio wa mtandao huo kwa karibu kuliko yeye.

"Wenzangu wanaungoja kama sikukuu," anasema. "Mimi naungoja kama mtu aliyesikia maji yanapanda. Kila mara unatoka nje kutazama yamefika wapi."

Ukimuuliza habari za zamani, anaacha kusukuma chapati. Anasimulia simu yake ya kwanza, ya tochi, aliyoinunua baada ya kuuza mbuzi, na jinsi alivyoitundika kwenye mkorosho ndani ya kidumu cha mafuta kilichokatwa mdomo. Mkononi mtandao ulipotea, lakini ndani ya kidumu ulitulia. Simu ikawa ya kitongoji kizima.

Vijana waliokwenda mjini hawakupoteza salio. Walibipu. Simu ikiita mara moja na kukatika, maana yake mtoto kafika salama. Ikiita mara mbili, mzazi ajitahidi apige. Ikiita mara tatu, kuna msiba. Kwa bipu moja au mbili Bi Ashatu alimtuma mtoto yeyote aliyekuwa akipita. Kwa bipu tatu alifunika unga, akajitanda vizuri, akaenda mwenyewe.

"Hiyo ya tatu sikuizoea mpaka kesho," anasema. "Ikishaita ya pili, nasimama hapa na upawa mkononi, namwomba Mungu iishie hapo hapo."

Kwa kuwa ilibidi mtu apige kelele ndipo asikike, hapakuwa na siri. Bwanausi, mkulima ambaye leo ana mke na watoto watano, aliposa akiwa kwenye benchi hilo. Mina, aliyekuwa akiishi kwao Mapinga, alikuwa upande wa pili wa simu, na wanywa chai walikuwa wakimsaidia Bwanausi maneno. Mazungumzo yalikwenda vizuri hadi yalipofika kwenye mahari. Hapo simu ikakatika. Akapiga tena, wakafika kwenye mahari, ikakatika. Siku ya tatu mtu mmoja aliacha kumsikiliza, akamtazama mkono, akagundua kwamba kinachokata simu ni kidole gumba cha Bwanausi.

Bwanausi anakanusha hadi leo. Anasisitiza kwamba mtandao wa wakati ule ulikuwa mbovu. Mina anakubaliana naye, na kuongeza kuwa mtandao wa mumewe bado ni mbovu, hususan shule zinapofunguliwa.

Ujio wa mtandao mpya unasimamiwa na Kamati ya Kufuatilia Mtandao, chombo chenye wajumbe watatu, wote wenyeviti. Mwenyekiti anayefanya kazi ni Abdulwahab, dereva wa bodaboda anayetembea na simu tatu mfukoni. Kila akimshusha abiria, anasimama mlangoni pa watu, anainua simu moja baada ya nyingine, kisha anaandika kwa chaki juu ya mlango herufi aliyoiona: E, au H, au 4G. Herufi ikibadilika anafuta na kuandika upya. Haombi ruhusa, kwa maelezo kwamba takwimu hazipigi hodi.

Zoezi hilo nusura liivunje nyumba ya Bi Kibibi, mjane anayeishi karibu na njia. Bi Kibibi aliamka akakuta H mlangoni. Ana ndugu waliojenga kando ya barabara, waliowahi kuandikiwa X ukutani, naye anajua nyumba ikishaandikwa herufi kinachofuata ni nini. Akasoma H, akaelewa: Hama. Akatazama mlango wa jirani yake, akakuta E. Akaelewa hiyo pia: Endelea.

Abdulwahab aliporudi siku hiyo alimkuta keshafunga masufuria kwenye shuka, godoro limesimamishwa uani, na jirani anaulizwa kwa sauti amewahonga waandikaji kiasi gani. Ilibidi Bi Kibibi apelekwe Haloo, apewe chai, aelezwe taratibu kwamba H ni herufi bora kuliko E.

"Kumbe," alisema, akipuliza chai. "Basi aliyeandikiwa E ndiye ahame."

Benchi lilicheka siku hiyo. Lakini lilikuwa na nafasi ya mtu kunyoosha miguu, jambo ambalo zamani halikuwepo.

Bi Ashatu alikuwa ameshauona mpango wa chaki ulivyo. Asubuhi, akitoka kuchota maji, anasoma milango. Mlango ukiandikwa 4G, anajua kesho yake kikombe kimoja hakitalowa. Walianza kupotea watu wa upande wa barabara. Wakafuata walimu. Ikafuata familia ya Abdulrazak, ambayo haikukosa Haloo hata Ijumaa moja, kwa sababu binti yao aliyeko Muscat alikuwa akipiga baada ya swala. Siku hizi binti huyo anawapigia nyumbani, wanamtazama kwenye kioo wakiwa wamekaa mkekani kwao, na mjukuu anaonyeshwa jino lililotoka.

"Nimewapitia nikawaona," anasema Bi Ashatu. "Bibi mtu analia, anacheka, anakibusu kioo. Sasa mimi niseme nini? Niseme zimeni?"

Enzi za E alipika birika kubwa mara tatu kwa siku, na kilo tano za unga ziliisha. Sasa anapika mara moja, anakanda kilo moja na nusu, na chapati za mwisho anarudi nazo kwake. Kwa bahati ya ajabu, Haloo penyewe ndipo pamechelewa kupata neema. Kichuguu bado kinang'ang'ania mnara wa zamani, ule wa mbali. Ndiyo maana Jumatatu ile H ilichungulia na kuondoka.

Jumatano ya wiki hiyohiyo, simu za Kiwangwa zilipokea ujumbe mzito:

"Ndugu mteja. Mtandao wako mpya utazinduliwa rasmi Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Wateja wote wafike Haloo na simu zilizochajiwa. Simu ambayo haitakuwepo haitatambuliwa."

Watu waliowahi kupanga foleni ya kusajili laini hawalichezei neno "haitatambuliwa". Abdulwahab alishangaa kidogo kuona ujumbe umetoka kwenye namba ya kawaida, kisha akatoa ufafanuzi kwa niaba ya Kamati kwamba hata makao makuu huishiwa salio kama binadamu wengine.

Alhamisi walikuja. Walikuja wa upande wa barabara, wakaja walimu, wakaja kina Abdulrazak na mkeka wao. Bi Kibibi alileta simu isiyo na betri, asije akasahaulika. Benchi likajaa, waliobaki wakakaa juu ya kichuguu na kwenye mizizi ya mkorosho, wote wameelekeza simu upande wa mnara mpya. Bi Ashatu, ambaye naye aliuamini ujumbe, alimtuma Bwanausi sukari dukani, na kabla hajakaa akamtuma tena.

Mnara haukufanya lolote. Katika kuungoja, mtu mmoja akauliza kile kidumu kilikwenda wapi. Mwingine akakumbusha habari za marehemu Mzee Salumu, ambaye simu ya mwanawe ikiita alikuwa akivaa kwanza kofia ndipo aipokee. Mtu akasimama akamwigiza, kofia, kikohozi, na ile "haloo" yake iliyoanzia tumboni. Mjane wake, aliyekuwa amekaa kwenye mzizi, alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaomba kikombe kingine.

Waliondoka ilipoadhiniwa magharibi. Hakuna hata mmoja aliyeulizia uzinduzi.

Ijumaa, mwandishi wa makala haya anafika Haloo kukamilisha mahojiano. Benchi ni tupu. Kwenye shina la mkorosho kuna chaki mbichi: Abdulwahab amepita alfajiri, na ameandika 4G.

Bi Ashatu anamimina chai, anaisogeza, kisha anasema kwamba leo naye ana swali. Anafungua ujumbe wa Jumatano na kuiweka simu mezani.

"Nimekaa na simu za watu miaka mingi," anasema. "Kampuni inajua namba yangu, inajua na salio langu. Lakini kampuni haijui kama kuna mahali panaitwa Haloo. Nani kaiambia?"

Mwandishi anasema suala hilo linahitaji uchunguzi wa kina.

"Tuchunguze," anasema Bi Ashatu, na anaipiga ile namba iliyotuma ujumbe.

Zamani simu ingezunguka, ingekwama, na mwandishi angepata muda wa kumaliza chai na kuaga. Mtandao mpya hauna huruma hiyo. Mfuko wa shati la mwandishi unaita papo hapo.

"Pokea," anasema Bi Ashatu.

Mwandishi anapokea. Wamekaa wakitazamana, kikombe kati yao, kila mmoja na simu sikioni.

"Haloo," anasema Bi Ashatu.

"Haloo. Shikamoo, Bi Ashatu."

"Marahaba, mtoto wa Hajra. Unanisikia vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi sikiliza. Keshokutwa nahama. Nakwenda pale barabarani wanapopakia mananasi. Wapakiaji wana njaa toka alfajiri, na njaa haitumwi kwa simu. Benchi nakwenda nalo, na ubao nitaandikisha Haloo, wenye kujua watajua. Nina imani nitarudi kwenye birika mbili, Mungu akipenda." Anahamishia simu sikio la pili. "Nilikuwa sijui nawaagaje watu. Utapita mlango kwa mlango useme naondoka, na wao wenyewe wameshaacha kuja? Jana nimewaaga wote, ingawa hawajui. Hilo nakushukuru. Lakini umewatoa watu mashambani kwa uongo, na Bi Kibibi hakulala. Nataka uniambie kwa nini."

Mwandishi wa makala haya alikusudia kujibu kwamba ulikuwa utani wa likizo, na kwamba huko bweni kwao hayo ni mambo ya kawaida. Alifungua mdomo. Simu ilikuwa safi, hapakuwa na pa kusingizia kwamba sauti inakatika.

Basi nikamwambia kwa nini niliwaita watu. Nilimwambia kwamba niliporudi kutoka shule nilikuta 4G imejaa nikiwa nimelala kitandani kwetu, nikafurahi kama mtu mwingine yeyote. Kesho yake nikapita njia hii, nikamwona yuko peke yake, anasuuza vikombe ambavyo havikutumika. Akaniona, akainua mkono, akatoa kikombe.

Sikusimama. Nilikuwa natazama simu.