Mkono Kifuani

Mume wangu Musallam ana ugonjwa mmoja usio na dawa: akipatikana, anakiri. Aliupata Kairo, ujanani, alipokuwa bingwa wa vyuo vya Misri katika mchezo wa vitara, kushindana kwa panga nyembamba. Klabu yao haikuwa na taa wala kengele ya kuonyesha nani kachomwa. Aliyeguswa na ncha ndiye aliyeweka mkono kifuani na kusema, "Umenipata." Anayenyamaza hachezi nao tena.

Sawa, huko Kairo. Lakini alipovitia vitara sandukuni akaja kufanya uwakili huku kwetu, mtaa wa Al Khuwair, ugonjwa alikuja nao. Mwaka tisini na sita, mbele ya hakimu, wakili wa upande wa pili alimwonyesha kwamba kakosea tarehe. Musallam, mkono kifuani! Mteja wake nusura azimie. Kesi walishinda, kwa kuwa hakimu aliyaamini yote mengine aliyoyasema, ila mimi mpaka leo nasema ilikuwa bahati.

Mwaka 2003 akagombea kiti cha Majlisi ya Shura, baraza la wawakilishi wetu. Alikitaka kiti kile kwa moyo wote, nami nikikitaka kuliko yeye. Siku ya mkutano nyumbani kwetu, mtaa wa Hail, nikikifukizia udi kilemba chake, nilimwonya.

"Nnakuomba, Musallam, leo mkono wako ukae pajani."

"Inshallah," akasema, na mimi najua inshallah zake.

Wanaume walijaa sebuleni, sisi wanawake tukakaa chumba cha pili, mlango wazi. Halwa haijazunguka, jirani yetu Amur, mzaliwa wa Tabora asiyemung'unya maneno, akauliza: "Shekhe wangu, mwaka jana mvua ilipolijaza bonde la wadi na maji yakatuingilia majumbani, wewe ulikuwa wapi?"

Nilijua alikokuwa. Kairo, kwenye karamu ya wacheza vitara wenziwe. Nikamwomba Mungu, Musallam aseme alikuwa kazini.

"Umenipata, bwana Amur," nikamsikia. "N'likuwa karamuni Kairo, nnacheka na wenzangu. N'liporudi maji yashakauka, wala sikuja kukupa pole. Nisamehe."

Basi, tumekwisha! Niliosha vikombe nikilia kwa hasira, na tangu siku ile nikawa namwekea chakula bila ya neno.

Siku ya kura nilikwenda uso umenivimba. Njiani nikamkuta Amur kasimama na jamaa zake.

"Mimi nampa Musallam," alikuwa akiwaambia. "Wagombea wengine wote niliwauliza swali lile lile. Kila mmoja kaniambia siku ile alikuwa nyumbani kwangu, anatoa maji. Nyumba yangu ina vyumba viwili! Wangeenea wapi?"

Nikacheka peke yangu mpaka kituoni.

Matokeo yalipotangazwa, Musallam kapita. Nyumba ikajaa vigelegele. Akanitazama, akajitia kunyoosha kanzu yake ya dishdasha. Miaka ishirini ya ndoa sijapata kumkubalia mtu huyu jambo lolote. Nikaitua sinia ya halwa, nikaweka mkono kifuani.